Ndovu wa Mtito Hajawahi Kushinda

Kyalo,

Kule Mtito Andei wanasema umeuawa na Bwana Lami. Nakuambia hili kwanza kwa sababu najua ungecheka mpaka ushike mbavu, na mimi nimechoka kulibeba bila mtu wa kucheka naye. Madereva wa malori, watu wazima wenye watoto shuleni, wanaambiana kuanzia Mariakani mpaka Mlolongo kwamba bingwa tuliyemtunga wewe na mimi nyuma ya ghala la ndengu hapa Migwani, mtu ambaye hana hata mfupa mmoja, amekumaliza ulingoni.

Nitakueleza ilivyokuwa. Ngoja nifunge mlango, upepo unapeperusha karatasi.

Nimerudi. Nilipofika mlangoni nikaona afadhali nitembee kidogo, nikaenda mpaka sokoni, nikauliza bei ya nyanya ambazo sikuzitaka, nikarudi. Ndivyo nilivyo tangu tukuzike. Sikai. Nikikaa miguu inanidai. Ukuta wa bucha nimeuchora ng'ombe nusu, nikamwacha bila miguu ya nyuma, na mwenye bucha amenipigia simu kuniuliza huyo ng'ombe wake atasimama lini. Saluni ya pale juu imekaa na kichwa cha mwanamke asiye na nywele, na wateja wanauliza kama siku hizi ni kunyoa tu. Nawaambia kesho. Halafu naja hapa mezani, naangalia kurasa hizi mbili, nainuka tena.

Kurasa ni mbili, Kyalo. Hapo ndipo penye shida, na ndiyo sababu ya barua hii.

Lakini nianze na jinsi ulivyouawa. Wewe ulijua ni kikohozi cha moshi. Mvua ilipoanza ukawa unakohoa mbele ya yale majiko ya hoteli yenu pale Mtito na kusema ni moshi tu, ni moshi tu, mpaka wenzako wakakupeleka hospitali, na mapafu yalikuwa yameshajaa. Tukakuzika kwenu Mbooni. Swaleh wa kopi, yule anayetuchapia kitabu kule Mwingi, alijitolea kutoa programu za mazishi bila malipo. Akaja kwenu na kofia yake, akasimama na wanaume wengine kwenye ule mteremko, akashika jembe mpaka mwisho. Mtu mzuri sana. Ila kuna jambo hakulifikiria, na mimi pia sikulifikiria.

Mashine yake alikuwa ameshaipanga kwa ajili yetu. Karatasi alikuwa ameshazikata. Kwa hiyo programu ya mazishi yako ilitoka kwa ukubwa uleule wa kitabu chetu cha katuni, imekunjwa vilevile, stepla mbili mgongoni, na picha moja kubwa mbele. Picha ni ile uliyopigwa hotelini na aproni, umekunja mikono. Zilibaki nyingi. Wenzako wa zamu hawakuweza kuja kuzika, basi nikawapelekea, nikaziweka kwenye kaunta, palepale karibu na vijiti vya meno, mahali tulipokuwa tunaweka Ndovu wa Mtito kila toleo linapotoka.

Unaona sasa.

Alikuja yule dereva mnene wa simiti, anayependa mchuzi wako wa mbuzi na kuulizia toleo jipya kabla hajauliza chakula. Akachukua. Akaketi, akasoma akisubiri ugali. Iliandikwa kwamba ulizaliwa Mbooni, ukasoma Migwani, ukaimba kwaya, ukalala. Akarudi kwenye picha ya mbele, akaiangalia, akawaonyesha wenzake. Msichana wa kaunta ndiye aliyenisimulia. Dereva alisema, "Hii ni Ndovu. Si muangalie hii shingo." Na ni kweli, ilikuwa shingo ya Ndovu, kwa sababu nilikuwa nimeichora kutoka kwako tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo umewapa chapati kwa mkono wako na hakuna hata mmoja aliyejua. Na kwa kuwa toleo la mwisho lilikuwa limewaacha na Ndovu chini ya goti la Bwana Lami, refa ameinua mkono aanze kuhesabu, wakajumlisha wenyewe. Lori la simiti lilipofika Emali, habari ilikuwa imeshaiva: toleo jipya limetoka, na Ndovu amekufa.

Wanakulilia vibaya, ujue. Mmoja amebandika ile picha yako ya aproni kwenye dashibodi.

Mimi sikuwalaumu. Nilikasirishwa zaidi na programu yenyewe, kwa yale iliyoyaacha. Ilisema mpishi. Ilisema mwanakwaya. Haikusema kwamba ulikuwa na mtu mwembamba anayeitwa Ndovu, aliyebandikwa jina hilo na mtangazaji mwenye dharau, akalikubali, akaanza kwenda mji hadi mji kando ya barabara ya Mombasa akipigana mieleka na kushindwa. Alishindwa Voi. Alishindwa Makindu, akatupwa nje ya kamba akaangukia meza ya muuza chapati. Alishindwa Sultan Hamud na watu wakamtupia mahindi ya kuchoma. Nilitaka kuinuka palepale mbele ya mchungaji niseme. Nilisimama kabisa. Shangazi yako akadhani nataka choo, akanionyesha kwa kidole.

Halafu wakakushusha. Nitakuambia kitu nisichomwambia mtu. Nilikuwa nangoja bega. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba refa akipiga sakafu mara ya pili, hapo ndipo mtu anainua bega, si mapema, maana mapema watu hawajaogopa. Nilikaa pale nikisema moyoni, sasa, Kyalo, sasa. Nilikuwa nimeamini kweli. Sikulia siku ile kwa sababu nilikuwa bado nangoja.

Unakumbuka tulipokuwa darasa la sita, tukiangalia mieleka kwenye ile runinga ya duka, tumesimama nje dirishani kwa sababu hatukuwa tumenunua kitu? Vijana wakubwa walikuwa wanabishana kama ni ya kweli au ni maigizo. Ukawaambia, "Hata kama ni maigizo, sakafu si maigizo." Wakakupiga kofi la kisogo kwa ujuaji, lakini mimi neno hilo lilinikaa. Nadhani kitabu chetu chote kimetoka hapo.

Na jinsi tulivyokitengeneza, nani angeamini? Wewe hukuweza kuchora, watu wako walifanana na majembe. Mimi sikujua kabari wala mtupo. Basi siku zako za mapumziko unapanda gari Mtito, unapitia Kibwezi na Kitui, unafika hapa umechoka, na tunatandika magunia matupu nyuma ya ghala. Unaanguka. Nachora. Nakwambia anguka polepole nione mkono unakwenda wapi, unaniambia hakuna mtu anaanguka polepole. Unaanguka tena. Bwana Lami alikuwa gunia la ndengu ulilolivuta mwenyewe juu ya kifua chako, halafu unaanza kulisihi lisikuue. Mke wa mwenye ghala alikuja mbio siku moja akidhani kuna mtu anapigwa, akakukuta umelala chali unazungumza na gunia. Akasema, "Vai thina, hakuna shida," akarudi zake, na tangu siku hiyo alikuwa anakuletea uji kama mgonjwa.

Nikishamaliza kuchora, wewe unaketi na peni na kujaza maneno. Maneno yalikuwa yako. Mwili ulikuwa wako pia. Yangu yalikuwa mistari tu.

Tuligombana kuhusu jambo moja kila toleo. Nilitaka ashinde. Mara moja tu, nilikuomba, hata mji mdogo, hata Maungu. Ulinijibu vilevile kila mara: mshindi anasimama tu, anayeanguka ndiye anafanya kazi. Halafu unaongeza ile sentensi niliyoichukia: "Akishinda, hadithi imeisha."

Swaleh amepiga simu, anangoja ukurasa wa mwisho wa toleo. Nimemwambia nakuja. Amesema nimemwambia hivyo tangu Jumatatu.

Basi, habari za Bwana Lami zikapanda mpaka kwenu mlimani. Kuna kijana wa jirani yenu anaendesha trela, akaenda nyumbani likizo na uvumi wake. Mama yako akanipigia. Hakunisalimia vizuri hata. "Nduku, huyu mtu anaitwa Bwana Lami ni nani? Alifanyia mtoto yangu nini?" Nilianza kucheka, Kyalo, nisamehe, kisha nikasikia anavyopumua kwenye simu, nikaacha. Sikuweza kumweleza kwa simu. Nilijaza matoleo yote kwenye mfuko nikaenda.

Boda boda ilinibwaga kwenye ile kona ya mwisho. Mwenye pikipiki akasema yeye anapenda abiria lakini anapenda injini yake zaidi. Nikapanda kwa miguu. Mama yako alikuwa uani, maharagwe yamekaushwa kwenye turubai, yeye na gambuti zake. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, Bwana Lami ni huyu hapa." Nikampa kitabu. Nikamwonyesha lile vazi jeusi na mstari mweupe katikati kutoka kidevuni mpaka magotini. Akamwangalia sana. Akauliza kama ana mama.

Ulikuwa hujamwonyesha hata toleo moja. Alijua tu unaandika mambo ya kupigana, na alishakuambia mtu aliyeokoka havai chupi hadharani kurushana na wanaume. Alivaa miwani, akanawa mikono, akaanza na la kwanza. Hakuruka ukurasa. Kuku walikuja kwenye maharagwe na hakuwafukuza, nikawafukuza mimi, nikazunguka nyumba, nikarudi, bado anasoma. Hakucheka kwenye meza ya chapati. Hakucheka kwenye mahindi. Alikuwa anapitisha kidole juu ya goti lako, juu ya mgongo wako. Alikutambua ukurasa wa kwanza tu, bila kuambiwa.

Alipomaliza alivipanga vizuri, akaviweka mapajani. Akaniuliza, "Nduku, kwa nini kila mahali mtoto yangu ako chini?"

Nikamweleza. Nilimpa mafundisho yako yote, kwamba kuanguka ndiyo kazi yenyewe, kwamba anayeanguka ndiye anayemlinda mwenzake asiumie, kwamba watu wanampenda Ndovu kwa sababu anaamka na kwenda mji mwingine. Nilieleza vizuri, nadhani ungefurahi. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ameelewa. Kisha akasema, "Lakini mimi ni mama yake." Halafu akauliza kuhusu hiyo ya mwisho, ile ya goti na mkono wa refa. Je, ataamka?

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimejaribu. Nilikuwa nimeharibu karatasi nyingi mno nikikuchora umeshinda. Nainua mikono yako juu, unakuwa mtu wa runinga. Nakuvisha mkanda, unakuwa mgeni kabisa, hata shingo inapotea. Sababu ni rahisi na inaniuma kuisema: sijawahi kukuona ukishinda. Kwenye yale magunia ulinipa kila aina ya kuanguka iliyopo duniani, lakini hukusimama hata mara moja kama mshindi, na sasa siwezi kukuambia usimame nikuone.

Mama yako alivua miwani. Nilidhani nimemkosea. Halafu akaweka vitabu chini, akainuka kwa kushika ukuta, magoti yake unayajua, akatembea mpaka pale njia ya mtoni inapoishia karibu na jiko. Akasema ulipokuwa mtoto mlishindana na yeye na watoto wengine wa kwenu kupandisha maji kutoka mtoni, na kwa sababu ya hiyo miguu yako ya korongo wewe ndiye ulifika wa kwanza siku zote. Akasema, "Hakuwa anainua mikono. Alikuwa anafanya hivi." Akashika kiuno kwa mkono mmoja. Kifua kikapanda na kushuka. Akageuka akaangalia chini ya mteremko, kidevu mbele kidogo. "Alikuwa anageuka kuangalia kama tunakuja."

Kyalo, ulikuwa wewe. Na leso yake na gambuti zake, alikuwa wewe. Shingo ile niliyoihangaikia miezi yote haikuwa yako peke yako, ni ya kwenu, umeichukua kwake.

Sikumwambia asimame vile. Alisimama mwenyewe, nami nikatafuta karatasi mfukoni, nikakaa chini kwenye vumbi nikachora. Hapo nilikaa, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nililia pia, mpaka akaniambia bila kugeuza kichwa nisiloweshe karatasi.

Kwa hiyo ukurasa mmoja ni huo. Nimeuwekea wino tangu nirudi. Bwana Lami yuko chali, mstari wake mweupe unaangalia juu. Refa amemaliza kuhesabu na hajui afanye nini na mkanda, maana mshindi hautaki. Watu wamesimama kwenye viti. Na Ndovu wa Mtito yuko katikati ya ulingo, mkono mmoja kiunoni, amegeuka nyuma. Maneno hakuna. Maneno yalikuwa kazi yako na sitaigiza mwandiko wako.

Ukurasa wa pili ni wa Swaleh. Usimkasirikie. Aliniita kando siku moja, kwa ile sauti yake ya taratibu, akasema, "Nduku dada yangu, na akishindwa hii pia? Tukienda naye Taru, tukienda naye Mombasa yenyewe? Watu wanamtaka." Nilimjibu vibaya, nikatoka dukani kwake bila kuaga. Lakini nilipofika nyumbani niliketi nikauchora. Ulitoka haraka ajabu, mkono ulikuwa unajua wenyewe. Mgongo wako unagusa sakafu, vumbi linainuka, vidole vimefunguka. Ni anguko zuri kuliko yote niliyowahi kukuchora. Nikiuangalia nasikia hata harufu ya yale magunia.

Basi ndiyo hayo yanayonizungusha sokoni kununua nyanya. Nikipeleka huu wa kuanguka, kuna toleo lingine, na lingine, na kila baada ya miezi michache nitakuwa nawe tena siku nzima hapa mezani, mgongo wako, magoti yako, ile namna yako ya kukunja vidole vya miguu kabla ya kutua. Dereva wa simiti atajua u hai, atapata cha kusoma na ugali wake. Nikipeleka wa mama yako, sentensi yako inatimia. Imeisha. Hakuna tena siku ya mapumziko ya kukungoja stendi. Nakutaka, Kyalo. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nakutaka hata ukiwa unaanguka.

Nimetoka tena nikarudi. Safari hii sikufika sokoni. Nilikwenda nyuma ya ghala. Wameweka mtungi wa maji pale tulipokuwa tunatandika. Nilisimama pale nikakumbuka jambo ambalo sikulichora hata mara moja, kwa sababu wakati huo nilikuwa nachonga penseli: kila ukishaanguka ulikuwa unaamka. Unajikung'uta, unatema vumbi, unasema "tena". Picha zangu zote zilipata nguvu kwa sababu nilijua nikiinua macho utakuwa umesimama. Sasa nikikuangusha, hakuna mtu wa kuamka. Utabaki pale nilipokuangusha. Na kule mlimani kuna mama ambaye ameshajua kusoma vitabu hivi, naye atapitisha kidole juu ya mgongo wako mwingine, na mwingine, mpaka Mombasa.

Nimechukua brashi ya ukutani nikaupaka ule wa kuanguka rangi nyeupe, tabaka mbili. Umekauka wakati naandika haya. Miguu imetulia.

Sasa nakwenda kwa Swaleh. Nitamwomba radhi, nitasimama kwenye mashine mpaka nakala ya mwisho itoke, na ya kwanza kabisa nitaipandisha Mbooni mwenyewe. Wale wa Mtito watauliza anapigana na nani baadaye, nami nitawaambia hapigani na mtu.

Kwaheri, rafiki yangu. Ulitangulia kufika, kama kawaida yako, na sisi tuko nyuma tunapanda, usione tumechelewa. Nimekuchora ukianguka tangu tulipoanza kazi hii, na ulinifanya niwe mchoraji. Nakuahidi hili na silirudii: sitakuangusha tena.

Wako,
Nduku